Kitenzi Kisicho na Mtendaji: Kusoma Jina la Ziidi Ukiwa Garissa

Safaricom walipoufungua mfuko wao wa uwekezaji kwa wateja wa M-Pesa, mwanzoni mwa 2025, walichukua kitenzi kinachojulikana na kila mtoto wa shule wakakivuta irabu: Ziidi. Unaingia na shilingi 100, pesa inaanza kuzidi. Nairobi hilo ni tangazo tu. Garissa ni maandishi yanayotaka kusomwa polepole.

Kwanza irabu. Kisomali, lugha ya wengi wa Garissa, tangu kipate hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972, huandika irabu ndefu kwa kurudia herufi, kwa hiyo jicho la mwenye duka katika soko la Suuq Mugdi linaipokea ile ii kama ya nyumbani. Mgeni ni herufi ya mwanzo, maana alfabeti hiyo haina z. (Haina p pia, ndiyo sababu M-Pesa huko utaisikia ikitamkwa kwa b.)

Lakini hayo ni mapambo. Uzito uko kwenye maana. Neno riba kwa Kiarabu limetoka kwenye mzizi wa kukua na kuongezeka. Ukilitafsiri kwa mujibu wa mzizi wake, unapata zidi. Aliyebuni jina huenda hakuliwaza hilo hata kidogo, ila mhakiki husoma kilichoandikwa, nia humwachia mwenyewe. Katika mji ambao karibu kila mtu ni Mwislamu, bidhaa imejitambulisha kwa tafsiri ya kitu kilichoharamishwa.

Si kila kuzidi ni riba, na wafugaji wanalijua hilo kuliko sisi wenye kalamu. Mbuzi wanaofikishwa soko la mifugo la Garissa wamezidi: wamezaa, wamenenepa, wamepanda bei. Wamezidi kwa miguu ya mchungaji, na mwaka wa ukame wangepungua. Riba ni ziada iliyokatwa mapema, isiyojua kiangazi.

Kiswahili kina namna ya kuyatenganisha mambo haya, nayo hukaa mwishoni mwa kitenzi. Zidi hujitosheleza: pesa imezidi, basi. Zidisha inamdai mtu: nani kazidisha, kwa kufanya nini? Mudharaba, muundo wa ubia unaokubalika katika sharia, ni sentensi ya zidisha tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja katoa mtaji, mwenzake kafanya kazi. Faida wanagawana kwa uwiano waliokubaliana, na mtaji ukipotea bila uzembe wa mfanyaji, mwenye mtaji ndiye anayebeba. Ziidi imeyaacha yote hayo nje ya mlango. Kisomali, kando ya ribo, kina neno dulsaar, yaani kilichowekwa juu. Neno kali, lakini lina uaminifu wake, maana unauona mkono ukiweka.

Kizazi cha bidhaa kilichotangulia kilikuwa na ujanja wa namna nyingine. M-Shwari ilianza Novemba 2012, ubia wa Safaricom na Commercial Bank of Africa, ambayo leo ni NCBA. Akiba yako huko ilipata riba. Ukikopa kwa siku 30, ulitozwa asilimia 7.5, na hiyo ikaitwa ada. Simu ni ile ile na benki ni ile ile. Neno ndilo linalobadilika kwa kufuata upande pesa inakokwenda. Mcha Mungu wa Garissa amewekewa mambo kichwa chini: neno analolikimbia limebandikwa kwenye senti anazopewa, na neno laini kwenye shilingi anazotozwa. Fakihi hahadaiki, yeye hutazama muundo wa mkataba.

Maandishi bora kuliko yote katika habari hii hayaonekani kwenye skrini. Salio la kawaida la M-Pesa, lile lisilozidi, huwekwa benki chini ya mdhamini kwa hati ya amana. Riba inayopatikana huko haimfikii mteja, wala kampuni haiitii mfukoni. Huenda kwenye hisani, kupitia M-Pesa Foundation iliyoanzishwa 2010. Sasa mtazame mfanyabiashara wa Garissa ambaye benki imemwekea riba asiyoiomba. Huitoa iwafae wengine, na hajihesabii thawabu ya sadaka. Wanasheria walioandika hati ile kwa mapokeo ya Kiingereza wamebisha hodi mlango ule ule aliobisha yeye.

Tanzania walifuata njia nyingine. Mwaka 2014 Tigo Pesa iliwagawia wateja mapato ya akaunti yake ya amana, na neno lililotumika likawa gawio. Chanzo ni riba ile ile ya benki, sikatai, lakini kama neno ni bora kuliko zidi: ndani yake mna kugawa, na anayegawa yupo.

Kisha ikaja Ziidi Shariah, ndugu wa mfuko ule wa kwanza. Kwa umbo, ni kitenzi kilichofungwa kamba: zidi, lakini usitoke zizini. Naiona hatua. Ila neno la pili linatuambia tu kwamba wapo waliokagua. Kazi iliyofanywa na pesa bado haina sentensi yake. Mama anayeuza vitambaa Suuq Mugdi, aliyezoea kuchanga ayuuto na wenzake, ambamo kila mmoja hupokea kwa zamu kile kile alichochanga, anastahili kuambiwa kwa kitenzi chenye kiima. Kwa mfano, pesa ikiwa imewekwa kwenye sukuk, yaani hati za uwekezaji zinazokubalika katika sharia: "Tumenunua sukuk kwa pesa yako. Faida tumegawana kwa uwiano. Hasara ikija, ni ya mtaji wako."

Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160. Huo una 91, nafasi na alama zikihesabiwa.