Kutoka Bembelezi hadi Dua

Mwaka 1963 watu watano walikabidhiwa kazi ya kuitungia Kenya wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani ilitoka kwa Wapokomo wa Tana River. Mzee Meza Galana aliwapa "Bee Mdondo Bee", bembelezi ambayo mama wa Kipokomo humwimbia mtoto anayelia. Wao wakaigeuza dua.

Lahani yenyewe hawakuitia kishindo cha gwaride. Waliiacha na majonzi yake, ikasikika kama wimbo wa kwaya ya kanisani. Kalume alikuwa kasisi. Na Wapokomo hawakuwa wageni wa muziki huo: huko Ngao, karibu na mji wa Garsen, wamisionari Wajerumani wa shirika la Neukirchen walikuwepo tangu 1887.

Ufundi mkubwa, kwangu mimi, umo katika maneno. Mungu anaitwa mara moja tu, mwanzoni kabisa, tena kwa jina ambalo Mwislamu na Mkristo wa Tana hulitamka bila kusita. Hakuna nabii, hakuna msalaba, hakuna kitabu. Ubeti wa kwanza unaomba. Wa pili unawageukia wananchi na kuwaamsha. Wa tatu unawatuma kazini, kisha unafunga kwa shukrani bila kusema anashukuriwa nani. Kila muumini anajijazia mwenyewe.

Mpenzi wa utenzi atanung'unika kuhusu mizani. Mstari wa kwanza una mizani 8, wa tatu una 10. Ni kweli, ila hapa kipimo ni lahani, si mizani nane za utenzi. Vina navyo havikutupwa: katika ubeti wa kwanza, mstari wa tatu na wa sita huishia kwa "i", na minne iliyobaki kwa "u". Ubeti wa pili haukuitunza hesabu hiyo, na ndio dhaifu kuliko zote. Unasikika kama hotuba ya baraza la chifu.

Imani ya watunzi basi haikujitangaza. Ilijionyesha katika kuchagua sauti ya kuomba badala ya sauti ya kujigamba, na katika kujua la kuacha.

Walimu wa kwaya wa Garsen, wafundisheni watoto "Bee Mdondo Bee" kwanza, kisha wimbo wa taifa. Watasikia wenyewe kilichobaki na kilichoongezwa.