Mizani ya Mvua

Chora mvua ya Bukoba na ya Dodoma kwenye ukurasa mmoja, kila mji na kisanduku chake, kisha iachie kompyuta ijipangie mhimili wa wima. Itaunyoosha kila mji mpaka ujaze kisanduku. Dodoma, ambako mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, itasimama bega kwa bega na Bukoba inayopata takriban 2,000. Hakuna namba hata moja iliyokosewa, ila anayeutazama ukurasa atadhani miji hii inalowa sawasawa.

Nililijua hili siku niliyompelekea bwana shamba mmoja, mzee aliyekaribia kustaafu, grafu za miji sita. Alizitazama kimya, akauliza: "Mwanangu, Dodoma siku hizi kunanyesha hivi?" Namba za pembeni zilikuwepo, zikitofautiana kisanduku kwa kisanduku. Hakuzisoma, wala hakuwa na kosa. Jicho huona urefu kwanza.

Tangu hapo naipenda kazi ya mihimili kuliko sehemu nyingine yoyote ya uchoraji wa takwimu. Wengi huhangaikia rangi. Mimi naanza na mizani, na neno hilo nalitumia kama malenga wanavyolitumia. Mshororo wa tarbia iliyozoeleka hubeba mizani 16, ukwapi nane na utao nane. Sikio likishaizoea hesabu hiyo, silabi moja ikipungua utasikia pengo kabla hujalijua. Visanduku vyenye skeli moja humfanyia msomaji vivyo hivyo: kwa kuwa kipimo hakibadiliki, kinachobadilika ni mvua yenyewe.

Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja na nukta 11. Wastani wake unalingana, na hata mstari wa mwelekeo ni ule ule. Kwenye hesabu ni pacha wanne. Zichore kwa mihimili inayofanana: ya kwanza imetawanyika kuuzunguka mstari, ya pili imejikunja kama upinde, ya tatu imenyooka ila nukta moja imetoroka, ya nne nukta kumi zimepangana wima na moja imejitenga mbali.

Kuna wakati skeli moja haifai. Nikitaka kuonyesha majira wala si wingi, yaani kwamba Dodoma ina msimu mmoja na Dar es Salaam ina masika na vuli, naacha kila mji uwe na kipimo chake. Hapo namba lazima ziandikwe kwenye kila kisanduku, na maelezo yaseme wazi.

Halafu kuna mistari yenyewe. Kwa muda mrefu ggplot2, programu ya uchoraji wanayoitegemea watumiaji wengi wa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, skeli ikiwa moja ilichora mihimili kwenye visanduku vya pembezoni tu. Vya ndani vikaelea kama nyumba isiyo na msingi. Toleo la 3.5.0 la mwaka 2024 liliruhusu kila kisanduku kipate mstari wake huku namba zikibaki pembezoni. Badiliko dogo, na mimi lilinifurahisha kwa wiki nzima.

Mstari nauchora mwembamba, wa kijivu. "Mvua (mm)" naiandika mara moja tu, kushoto, kwa ajili ya visanduku vyote. Majina ya miezi siyalazi mshazari, maana msomaji hakuja kupinda shingo. Naandika Machi, Juni, Septemba na Desemba, iliyobaki naiachia vijialama.

Nilimrudishia mzee grafu zikiwa zimerekebishwa. Safari hii hakuuliza kitu. Aliweka kidole juu ya nguzo ya Aprili ya Bukoba, akakisogeza taratibu, usawa ule ule, mpaka kwenye kisanduku cha Dodoma, na kidole kikabaki juu ya karatasi nyeupe.