Daktari John Kirk Mbele ya Buha

Maandishi mengi ya wageni juu ya maisha ya Daktari John Kirk humsifu kama tabibu aliyeifuta biashara ya watumwa kwa kalamu. Tukiyasoma kutoka Kasulu na Kibondo, twaona sifa hiyo imepita kiasi. Kirk, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1832, alifika Unguja 1866 akiwa tabibu wa ubalozi wa Uingereza. Hakukawia kuweka dawa kando na kushika siasa. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, baada ya kutishiwa kuzingirwa na manowari. Hilo ni jambo kubwa, wala hatulipunguzi. Lakini mkataba ulihusu bahari. Huku bara watu waliendelea kuuzwa, na utumwa wenyewe haukupigwa marufuku Tanganyika hadi 1922, mwaka aliokufa Kirk.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba Buha huonekana humo kama njia tu. Kumbe Buyungu, Muhambwe na Heru kila moja ilikuwa na mwami wake. Stanley, yule aliyemshutumu Kirk kwa kuzembea vifaa vya Livingstone, alipita Buha mwaka 1871 akatozwa hongo, kisha akatoroka usiku asilipe tena. Yeye aliiona hongo kuwa unyang'anyi. (Mtu akiikwepa forodha ya London usiku, hatujui huitwaje.) Sisi twaiona kuwa ushuru wa nchi yenye wenyewe.

Mwaka 1886, Kirk alipoondoka Unguja, Uingereza na Ujerumani zilianza kuligawana bara. Kufikia 1890 mgawo ulikwisha fika Ziwa Tanganyika. Mwami wa Heru hakuulizwa.