Sauna na Umulkheri: Afya ya Akili katika Chozi la Heri

Mtahiniwa akiulizwa sifa za Sauna katika Chozi la Heri (Assumpta Matei, 2014), jibu humtoka haraka: katili, mnafiki, mwenye tamaa. Akiulizwa za Umulkheri huandika: mvumilivu, mwenye bidii. Majibu haya si makosa, lakini, mpenzi msomaji, yanaacha swali kuu bila kuguswa. Kwa nini wasichana wawili walioumizwa na watu wa nyumbani mwao wakawa watu tofauti kiasi hicho? Makala haya yanashikilia kuwa tofauti yao haitokani na tabia ya kuzaliwa nayo. Inatokana na yaliyowapata na, zaidi, na watu waliokuwa karibu nao baada ya kupatwa.

Tuanze na Lunga, babake Umulkheri. Wanafunzi wa Kitui na Makueni wanayo sababu ya kumwelewa mhusika huyu kuliko wengine. Lunga anapoteza kazi kwa kupinga raia kuuziwa mahindi yaliyoharibika. Kwingine tukio hili huorodheshwa chini ya maudhui ya ufisadi, basi. Huku Ukambani tunakumbuka mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yalipowaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao wakiwa wa wilaya za Makueni na Kitui. Msomaji wa huku anajua kwamba Lunga aliadhibiwa kwa kutaka watu waishi.

Fuata sasa mpangilio wa hasara zake. Kazi inaenda. Shamba la Msitu wa Mamba linaenda wakaazi wanapofurushwa. Mwishowe Naomi, mkewe, anaenda. Mbili za kwanza Lunga alizipokea akiwa na mwenzake. Ya tatu ilimwacha peke yake na watoto watatu, naye hakudumu.

Sauna naye alinajisiwa na Maya, baba yake wa kambo. Mamake alipojua, alimsaidia kuavya mimba na akataka jambo lenyewe lifichwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi yalifichwa na mzazi, na aliyeumbuliwa ni mtoto. Sauna anatoroka na kuangukia mikononi mwa Bi. Kangara, anayefanya biashara ya watoto. Hakuna anayemuuliza amepatwa na nini. Ndipo anapowaiba Dick na Mwaliko, na uchungu wake unahamia kwa Umulkheri.

Umulkheri amekwisha kupoteza mama na baba, na sasa ndugu. Hata hivyo, Hazina, mtoto wa mtaani aliyewahi kumsaidia, anamkumbuka na kumwelekeza kwenye usalama. Katika Shule ya Tangamano wenzake, akina Kairu, Zohali, Chandachema na Mwanaheri, wanasimuliana waliyoyapitia. Kisha Mwangeka na Apondi, ambao wote wawili wamefiwa na wenzi wao, wanamchukua kuwa mtoto wao. Jeraha la Umulkheri halikufutika, ila alipata wa kumsikiliza.

Je, haya ni ya vitabuni tu? La. Huko Makueni, shirika la Africa Mental Health Foundation, likiongozwa na Profesa David Ndetei, liliwafunza waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya wa vijijini namna ya kumtambua mtu anayeteseka akilini na kumwelekeza kituo cha afya. Maana yake ni kwamba mgonjwa huenda kwanza kwa aliye karibu naye. Aliye karibu akijua kusikiliza, njia ya kupona inafunguka.

Tusiisifu riwaya kupita kiasi. Wokovu wa Umulkheri unategemea sana sadfa, na mwandishi anampa Sauna historia bila kumpa msikilizaji. Sheria inamfikia, faraja haimfikii. Mtahiniwa makini anaweza kulitaja hili kama udhaifu, au kama tashtiti kwa jamii inayowaadhibu watu ambao haikuwalinda. Tahadhari tu: kueleza chanzo cha uovu si kuutetea. Wizi wa watoto unabaki kuwa uhalifu.

Neno kwa walimu wenzangu. Unapofunza kisa cha Sauna, huenda darasani yumo msichana, au mvulana, aliyeinamisha kichwa juu ya dawati. Usimlazimishe kusoma kifungu hicho kwa sauti. Usiharakishe kumwita mtoro wala mkaidi. Baada ya kipindi, mjulishe faraghani kwamba mlango wako, au wa mwalimu wa ushauri nasaha, uko wazi. Tusipofanya hivyo tutakuwa tumeisoma riwaya bila kuielewa.

Zoezi
"Mtu hufanywa na yaliyompata na waliomzunguka." Jadili kauli hii ukirejelea Lunga, Sauna na Umulkheri katika Chozi la Heri. (alama 20)