Shahidi Aliye Chini ya Usukani

Si ajabu, ukipanda gari dogo la abiria tunaloliita mchomoko kutoka Bariadi kwenda Lamadi, kukuta kipande cha solotepu nyeusi kimebandikwa kwenye dashibodi, jirani na mshale wa mafuta. Usimwulize dereva ni cha nini. Chini yake kuna taa ya njano yenye mchoro wa injini, na inawaka. Imewaka tangu msimu wa pamba uliopita. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akasema ni pampu, wa tatu akasema gari za Kijapani ndivyo zilivyo, na mwenye gari akaona dawa ya taa ni kuifunika. Ubunifu wa solotepu naupa heshima yake, lakini leo nataka kumsifu yule anayeibandua.

Mtu huyo yumo mitaani kwetu, na mara nyingi hana gereji. Ni mwalimu mwenye Vitz, ni karani wa chama cha ushirika (AMCOS) mwenye Carina iliyoanza kazi kabla yake, ni kijana wa mchomoko aliyechoka kulipia spea zisizotibu kitu. Ana simu, ana kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa chini ya usukani, ana testa ya kupimia umeme. Zaidi ya hayo ana tabia ya kuuliza kabla ya kufungua.

Hapa Simiyu tabia hiyo ina thamani ya pekee. Mkoa ulianzishwa 2012 ulipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, Bariadi ikawa makao makuu, lakini kwa gari lililowashinda mafundi wa hapa, ushauri ni uleule wa zamani: lipeleke Mwanza. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa gari ambalo tayari linasuasua. Na magari ya hapa hayabembelezwi. Kiangazi ni vumbi la njia za Itilima na Meatu, masika ni ule udongo mweusi wa mbugani unaoshika tairi na kukataa kuachia. Mtu aliyeuza pamba yake akanunua gari hana fedha ya kununua sensa tatu ili aone ipi ndiyo.

Taa yenyewe asili yake ni mbali. Jiji la Los Angeles lilikuwa likisongwa na ukungu mchafu unaochoma macho, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, akaonyesha kuwa ukungu ule hutokea pale jua linapoipiga hewa chafu itokayo kwenye magari na mitambo ya mafuta. Jimbo la California likaanza kuwabana watengenezaji. Kwa magari ya mwaka 1988 likataka kompyuta ya injini ijichunguze yenyewe na iwashe taa panapoharibika kitu. Kufikia 1996 magari madogo mapya yote yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na soketi ya aina moja na namba za hitilafu zinazosomeka kwa namna moja. Ulaya ikafuata 2001 kwa magari ya petroli. Kwa hiyo taa inayomkera dereva wa Bariadi haikuwekwa kwa ajili yake wala kwa ajili ya mfuko wake. Iliwekwa kulinda mapafu ya watu wa California, nasi tukaokota faida pembeni.

Kabla soketi hiyo haijaenea, Toyota walikuwa na njia yao, na ndiyo niipendayo kuliko zote. Fungua boneti ya Carina au Corolla ya miaka ya 1990, utaona kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Ndani yake mna matundu yaliyopewa majina. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unarudi kwenye kiti kuitazama taa. Hakuna simu wala kompyuta ya mkononi. Taa ikipepesa mfululizo, haraka haraka bila kupumzika, hakuna malalamiko. Yakiwapo, inahesabu: inawaka mara mbili, inapumzika, inawaka tena mara mbili. Hiyo ni 22, na kwa Toyota za wakati huo 22 ni upande wa sensa ya joto la maji.

Nilimtazama jirani yangu akiishughulikia 22 hiyo uani kwake, Jumapili baada ya ibada. Gari lilikuwa linagoma kuwaka asubuhi, likishawaka linatembea vizuri. Wengi wangetuma hela ya sensa Mwanza siku hiyohiyo. Yeye alisubiri injini ipoe, akaifungua sensa, akatega beseni chini kudaka maji, kisha akaining'iniza ile sensa kwa waya ndani ya sufuria ya maji iliyokuwa juu ya jiko la mkaa, ncha za testa zikiwa zimebanwa kwenye miguu yake. Maji yakiwa ya kawaida, testa ilisoma karibu omu 2,000. Jinsi yalivyopata moto namba zikawa zinateremka, elfu moja, mia sita, hadi mia tatu na ushee vipovu vya kwanza vilipoanza kupanda. Hivyo ndivyo sensa hiyo inavyotakiwa kufanya: joto likipanda, ukinzani unashuka. Sensa ilikuwa nzima. Mkewe alitaka kujua sufuria ile ataiosha nani. (Jibu sahihi ni kwamba isirudi jikoni kabisa, dawa ya rejeta ni sumu.)

Baada ya hapo akaufuata waya kwa vidole, kutoka kwenye sensa kurudi nyuma, akiuminya na kuupinda polepole, mpaka akafika nyuma ya injini palipokuwa pametafunwa. Panya. Nyumba zetu zina magunia ya mahindi na mpunga, na injini iliyozimwa jioni hubaki na joto hadi usiku wa manane; panya hahitaji mwaliko mwingine. Jirani akaondoa kipande kilichoharibika, akaunga, akazungushia solotepu nyeusi ileile tuliyoizungumzia, safari hii ikiwa mahali pake. Akachomoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kufuta kumbukumbu, akairudisha. Taa haikuwaka tena.

Na kwa nini gari lilikuwa linatembea vizuri likishawaka? Kompyuta ya Toyota, ikikosa habari za joto la maji, hujifanya kwamba maji yako kwenye nyuzi 80 ili mwenye gari asikwame njiani. Injini ikiwa ya moto, uongo huo unakaribia ukweli. Alfajiri, injini ikiwa baridi, inanyimwa mafuta ya ziada inayoyahitaji ili iwake. Nilipoelezwa hilo nilimheshimu zaidi mhandisi asiyejulikana aliyelifikiria, kwa sababu alimfikiria mtu aliye katikati ya pori.

Sasa tufike kwenye kiini. Namba ya hitilafu ni shahidi. Shahidi husema alichokiona kutoka pale alipokuwa amesimama; kesi haamui yeye. 22 haikusema sensa imekufa. Ilisema tu kwamba kompyuta haipati umeme inaoutarajia kutoka upande ule. Huenda ni sensa, huenda ni plagi ya waya iliyoingia maji, huenda ni panya. Fedha nyingi zinazopotea kwenye magari yetu hupotea pale shahidi anapogeuzwa hakimu: simu imeonyesha jina la sensa, basi sensa inanunuliwa. Mwenye kidude na asiye na kidude wanakuwa sawa, ila wa kwanza anakosea kwa kujiamini zaidi.

Magari ya baadaye yana soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, na namba zake zina herufi mbele: P kwa injini na gia, B kwa bodi, C kwa breki na mambo ya chini ya gari, U kwa mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Kidude cha kuzisomea, kinachounganishwa na simu kwa bluetooth, bei yake haifikii ya tairi moja jipya. Vingi ni nakala za chipu ya ELM327 iliyobuniwa Kanada, na ubora wake ni bahati yako. Tena yapo magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe, nayo ndiyo yamejaa kwetu, yenye soketi hiyohiyo lakini hayaitikii kidude. Usikitupe kidude, wala usilitukane gari. Kwa Toyota nyingi za namna hiyo waya bado unafanya kazi: tundu la 4 na la 13, swichi ikiwa imefunguliwa, na taa itapepesa kama zamani. Hesabu kwa makini, upande mpana wa soketi ukiwa juu: safu ya juu ni 1 hadi 8, ya chini 9 hadi 16. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. Ukiligusisha na la 4 utapata somo jingine, la fyuzi.

Chukua P0171. Maana yake ni kwamba hewa imezidi mafuta. Mshukiwa anaweza kuwa sensa ya hewa iliyojaa vumbi, pampu iliyochoka, nozeli zilizoziba au bomba la mpira lililopasuka ndani ya mikunjo yake, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ulinyooshe kwa mkono. Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Msomaji mzuri hamalizii kwenye namba. Anafungua ukurasa wa vipimo vinavyotembea, anatazama asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza ili kufidia. Injini ikiwa inanguruma taratibu na nyongeza ni kubwa, kisha anakanyaga hadi mizunguko 2,500 na nyongeza inashuka, basi kuna hewa ya wizi inayoingilia mahali, kwa sababu tundu dogo huonekana kubwa pale injini inapovuta hewa kidogo. Nyongeza ikizidi kupanda kadiri anavyokanyaga, anaanza kuifikiria pampu au sensa ya hewa. Ametenga nusu ya washukiwa bila kushika spana. Sijui kazi nyingi za mikono zenye raha ya namna hiyo.

P0420 tuipite haraka. Inasema masega yaliyo ndani ya bomba la moshi hayausafishi inavyopasa, na kwa gari ambalo masega yake yalishakatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa madini yaliyomo, kompyuta ingesema nini kingine?

Wapo mafundi wanaoona haya yote ni dharau kwao. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Fundi mzee anayeinamisha kichwa juu ya injini na kusema valvu zimeachia, naye akawa sahihi, hajapoteza kitu kwa sababu mteja amekuja na namba. Kilichobadilika ni mazungumzo. Niliyasikia haya kwenye gereji moja ya mjini hapa, mama mwalimu wa shule ya msingi na fundi aliyemzidi umri:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Gari inasemaje?"

"Inamisi silinda ya pili, imeandika P0302. Nikaichukua koili ya pili nikaiweka ya tatu, ya tatu nikairudisha ya pili. Nikafuta, nikazunguka nayo mpaka Somanda. Sasa inaandika P0303."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akacheka. "Basi misi imehama na koili. Sasa mimi nikutoze hela ya nini, mwalimu?"

"Ya kunitafutia koili nzima, isiwe ya kubandika."

Akamtafutia, na plagi akazikagua bila kuombwa. Yule mama hakuwa na cheti chochote cha ufundi. Alichofanya ni kuhamisha kitu kimoja, kimoja tu, na kuangalia kama ugonjwa umehama nacho. Wanafunzi wa sayansi wanafundishwa jambo hilo kwa vitabu. Yeye alilifanya kwa spana namba 10 uani kwake.

Lipo jambo linalouchafua ufundi huu, nalo ni kufuta. Kufuta namba ni kugusa kitufe kimoja kwenye simu. Taa inazimika, gari linauzwa, na baada ya wiki mnunuzi anakutana na kila kilichofichwa. Nimesikia watu wakiuita ujanja. Mimi nauita wizi. Asiye na kidude hung'oa balbu ya taa kabisa, au hufanya kama dereva wetu wa solotepu.

Kwa bahati mtambo unaweka kumbukumbu. Magari mengi ya soketi ya matundu 16 hutunza umbali uliotembewa tangu namba zilipofutwa, na programu ya simu huuonyesha. Kwa hiyo wewe unayekwenda kesho kuangalia gari, fanya mambo mawili kabla ya kutaja bei. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikiwaka. Halafu chomeka kidude usome umbali huo. Muuzaji akiapa kwamba gari halijaguswa mwaka mzima, na simu inasema namba zilifutwa kilomita 3 zilizopita, rudisha fedha zako mfukoni.