Bunduki Kuukuu ya Mtutu Mmoja: Soma Chini ya Chuma

Katika mashamba ya Marekani, tangu mwishoni mwa karne ya 19, bunduki ya marisau ya mtutu mmoja ilikuwa chombo cha kazi kama jembe na shoka. Viwanda vya Massachusetts na Connecticut viliitoa kwa wingi, nayo ikauzwa kwa bei nafuu madukani na kwa katalogi za Sears na Montgomery Ward. Leo wajukuu wanairithi, na karibu kila mmoja anauliza swali lile lile: ina miaka mingapi? Mimi nasema hilo ni swali la tatu au la nne. Miaka peke yake haipandishi bei. Kinachopandisha ni uzima wa asili: je, kila kipande ni kile kilichotoka nacho kiwandani, na je, rangi yake ya kwanza bado ipo?

Kabla ya yote ifungue, uchungulie chemba, pale risasi inapokaa, kisha uingize kidole uthibitishe kwamba ni tupu. Ndipo uondoe ubao wa mbele, ule unaoshikwa na mkono wa kushoto. Wanunuzi wengi hawafanyi hivyo, na hapo ndipo wanapopunjwa. Ubao huo huukaza mtutu na kuficha ulegevu. Ukiwa umeutoa, funga bunduki, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, utikise pole pole. Bawaba iliyochoka utaisikia kwa sikio na kuihisi viganjani. Bunduki inayocheza namna hiyo haifai kupigwa, na bei yake ishuke papo hapo.

Sasa toa mtutu, uugeuze, usome upande wa chini. Uingereza na Ubelgiji zilikuwa na nyumba rasmi za majaribio, na kila mtutu uliofaulu ulipigwa mihuri. Nyumba ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Ukikuta herufi BP, BV na NP, kila moja chini ya taji, jua ni kazi ya Birmingham ya kuanzia 1904, na hiyo NP inakwambia mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Maneno NOT FOR BALL, yaani si kwa risasi ya tufe, yalipigwa kati ya 1875 na 1887 kwenye mitutu iliyobanwa mdomoni. Muhuri wa Liège, Ubelgiji, ni herufi ELG ndani ya duara la yai. Taji liliongezwa juu yake mwaka 1893, na kuanzia 1922 herufi ndogo ikaonyesha mwaka wa majaribio.

Mihuri hii ndiyo inayoumbua majina ya uongo. Soko la Marekani lilijaa bunduki za Kibelgiji zilizoandikwa W. Richards, jina lililochaguliwa ili mnunuzi adhani ni kazi ya Westley Richards, mtengenezaji wa Birmingham. Juu limeandikwa jina la Kiingereza, chini kuna ELG. Muuzaji akikutajia bei ya Westley Richards, mgeuzie mtutu asome mwenyewe.

Bunduki za Marekani hazikupitia majaribio ya lazima ya serikali, kwa hiyo jina la kampuni na mji ndivyo vinavyofanya kazi ya muhuri. Neno Tool ndani ya jina la kampuni ya Stevens, ya Chicopee Falls, linaelekeza kabla ya 1916. Harrington & Richardson yenye neno Worcester ilitengenezwa kabla ya kampuni ile ya kwanza kufungwa mwaka 1986; jina hilo baadaye lilifufuliwa na kampuni nyingine mjini Gardner. Wala usishtuke kukosa namba ya mfululizo. Sheria ya kuilazimu kila bunduki mpya kuwa na namba ilikuja mwaka 1968, na Winchester Model 37, iliyotengenezwa kuanzia 1936 hadi 1963 zaidi ya milioni moja, haikuwahi kupewa namba. Mahali palipofutwa namba kwa tupa ni jambo jingine kabisa: hapo usinunue hata kwa bei ya bure.

Mtutu wenye mistari ya mawimbi ni wa Damasko. Fito za chuma laini na feleji zilisokotwa pamoja, zikazungushwa kwenye mhimili kama ukili wa mkeka unavyozungushwa ukishonwa, kisha zikafuliwa kwa moto hadi zikashikana. Ni kazi nzuri mno, nami siichoki kuitazama. Lakini viwanda vya bei rahisi vilichora mistari hiyo juu ya chuma cha kawaida. Tazama chini ya ubao wa mbele: mchoro wa bandia mara nyingi unakatika pale ambapo mteja hakutarajiwa kuona, ilhali wa kweli unaendelea ndani ya chuma chenyewe. Wa kweli au wa bandia, usiupige kwa risasi za leo.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Bunduki nyingi za Marekani za geji 16, kabla ya miaka ya 1930, zilikuwa na chemba fupi ya milimita 65. Risasi ya leo ya milimita 70 inaingia bila taabu, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Ikilipuka, mdomo unafunguka na kukosa nafasi, njia ya marisau inabanwa, na msukumo unapanda. Fundi ana kipimo cha chemba, mpe akupimie.

Sasa chungulia ndani ya mtutu ukiwa umeuelekeza kwenye mwanga. Kivuli cha pete iliyozunguka ni uvimbe, dalili kwamba kitu kiliziba njia ikapigwa hivyo hivyo. Pitisha vidole kwa nje, utauhisi. Vishimo vidogo vya kutu vinavumilika, uvimbe hauvumiliki.

Halafu rangi. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu anairithi bunduki yenye weusi wa buluu uliofifia, anaipeleka ikasuguliwe kwa mashine ing'ae, kumbe amefuta nusu ya thamani. Utaitambua kwa maandishi yaliyolainika, kona zilizopoteza makali, na skrubu zenye mifuo iliyotafunwa na bisibisi isiyotosha. Kitako kinachopwaya pale mbao inapokutana na chuma kilipigwa msasa kupita kiasi au kilitoka kwenye bunduki nyingine.

Na bei? Iver Johnson au Stevens ya kawaida ya geji 12, hata ikiwa na miaka mia, kwa kawaida huuzwa kwa dola mia moja au mbili hivi. Geji za tundu dogo hupanda. Model 37 ya geji 28 ni adimu, na wakusanyaji huilipia mara kadhaa ya geji 12. Za mwanzo, zenye jina la Winchester lililojazwa rangi nyekundu upande wa chini, nazo hutafutwa. Sanduku la kiwandani au risiti ya duka la zamani huongeza kitu. Hadithi ya muuzaji isiyo na karatasi haiongezi hata senti.