Tenzi zetu humtukuza askari vitani, zikamsahau akirudi nyumbani

Muulize kijana yeyote anayeshuka matatu Kariokor jijini Nairobi jina hilo lilitoka wapi. Aghalabu atainua mabega tu. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kule Dar es Salaam ni Kariakoo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na wengi hawana kaburi lenye jina. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikuja kuomba radhi kwa hilo mwaka 2021. Lugha ilikuwa imewahifadhi miaka hiyo yote, ila sisi tunaoitumia hatujui tunamtaja nani.

Nimelifikiria jambo hili tangu mwanafunzi mmoja hapa Nchiru aniulize, tukiwa katikati ya somo la tenzi za vita: "Mwalimu, na baada ya vita je?"

Swali zito hilo. Tuna Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu Wajerumani kutamalaki Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Maji Maji, Henry Muhanika kuhusu Kagera. Shaaban Robert naye alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ndefu ajabu kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Nazienzi zote. Lakini hamu yao kubwa ni tukio lenyewe: nani alianza, nani alipigana na nani, nani akashinda. Kwa Shaaban Robert, Hitler na wakubwa wenzake wana nafasi pana kuliko askari wa Keya aliyetoka Burma na kukuta hana shamba wala kazi. Sehemu ya lawama ni ya utanzu. Utenzi hupenda ushujaa, nao mzee anayeamka usiku akipiga kelele hausaidii utenzi kusonga mbele.

Askari huyo nilimpata kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Weep Not, Child ya mwaka 1964, iliyotafsiriwa kama Usilie Mpenzi Wangu. Boro amerudi vitani, ndugu yake Mwangi hakurudi. Ndani ya nyumba ya baba yake hasemi mengi, na uchungu wake unaishia msituni. Ngũgĩ hahitaji kutuelezea maradhi. Kimya cha Boro kinatosha.

Hapa Meru kimya hicho tunakifahamu. Musa Mwariama alitoka msituni uhuru ulipopatikana, akafariki 1989. Baimungi aliuawa 1965, chini ya serikali ya Waafrika! Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003 tu. Kisha neno "shujaa" likamiminwa juu yao kama chokaa juu ya ukuta wenye nyufa. Mtu akishaitwa shujaa, nani atamuuliza analala vipi? Muthoni wa Kirima alizifuga nywele zake za msituni hadi 2022, miaka karibu 60 baada ya bendera kupandishwa. Sisi wahakiki tulipiga picha.

Wataalamu wa saikolojia siku hizi hutumia "kiwewe". Neno zuri, ila masikioni mwa wengi ni kubabaika kwa muda, si jambo linalokaa na mtu miaka 30. Tutalipanua tukiandika riwaya, si kwa kamati za istilahi. Na malighafi ipo: wanajeshi wetu wameingia Somalia tangu Oktoba 2011, na kuhusu El Adde, Januari 2016, serikali haijatoa idadi kamili ya waliokufa. Waliorudi wamo vijijini mwetu, wengine ni wazazi wa wanafunzi tunaowafundisha tenzi. Nimempa yule mwanafunzi kazi ya muhula: aende kwao Tigania na kinasa sauti, awaulize wazee kuhusu siku ya pili baada ya kurudi.